Kabla Hujasema Gemu Mbovu, Jiulize Nini Kimekuua

Wasomaji wangu wa Nyanda za Juu, hamjambo? Huku Mbeya baridi imekaza, asubuhi ukitoka nje mlima Loleza huuoni kwa ukungu, na vidole vikiganda hivi hata kushika pedi ni kazi. Ila toka tuguse mambo ya gemu za zamani toleo lililopita maswali yamemiminika, sa leo safu nzima nawapa nyie.

Kaka habari za kazi, mimi niko Mafinga. Nimenunua mashine ya gemu za kaseti mnadani, kaseti imeandikwa gemu 400 ila ukweli zinajirudia tu kwa majina tofauti. Nataka nianze kuzichambua, nina daftari kabisa, gemu moja moja naipa maksi. Nimeanza na Contra na Ninja Gaiden, zote nakufa tu, nikaandika ngumu sana nikazipa 4 kwa 10. Bro akasoma akasema sijui kitu. Nakosea wapi?

Mdogo wangu, kwanza hongera kwa daftari, usiliache. Bro wako ana pointi ila angekuelekeza badala ya kukukatisha tamaa. Neno "ngumu" peke yake halimwambii msomaji kitu, gemu za enzi zile karibu zote zilikuwa ngumu. Unachotakiwa kuandika ni hivi: kila ukifa, nini kimekuua? Ni mkono wako, ni gemu, au ni vifaa? Ukijibu hilo kwa haki uchambuzi umeshaupata nusu.

Chukua Contra. Kampuni ya Konami waliitoa 1987 kwenye zile mashine kubwa za kutumbukiza sarafu, mwaka uliofuata ikaingia Nintendo, ile mashine ya kaseti ya nyumbani. Risasi moja tu umekufa, hakuna cha mstari wa damu wala nini. Lakini angalia zile risasi zinavyokuja, taratibu, unaziona kabisa, na ukisharuka bado unaweza kujigeuza hukohuko hewani ukarudi ulikotoka. Ukifa pale rudisha picha kichwani, utakuta kuna sehemu ulitakiwa uruke ukalala, au uliikimbilia ile herufi S ya risasi tano zinazotawanyika bila kuangalia nani yuko juu yako. Mimi hiyo naiita gemu ya haki, na haina uhusiano na urahisi.

Nikupe mfano ninaoujua kwa mwili wangu. Nilipokuwa mdogo hapa Mwanjelwa tulikuwa na kibanda nyuma ya soko, TV ya chogo moja, pedi mbili, benchi la mbao, na mimi nilicheza na mtoto wa mjomba. Levo ya 3 ni maporomoko ya maji, unapanda kwenda juu, na skrini ikishapanda haishuki tena. Mwenzangu yeye miguu ilikuwa haimtulii, akiruka mara mbili juu mimi niliyebaki chini skrini inanimeza, nimekufa bila kuguswa na adui hata mmoja. Tuligombana mpaka mwenye kibanda akatutoa nje. Kesho yake tukarudi tukawa tunaitana kwa sauti, ruka, ngoja, haya ruka, na tukatoboa. Yani ile levo imetengenezwa ili watu wawili waongee, na mtu anayeicheza peke yake chumbani hawezi kuliona hilo, sa ukiandika rivyu ya Contra andika kabisa kama ulicheza na mtu au peke yako.

Ninja Gaiden ni kesi nyingine. Tecmo waliitoa 1988 kule Japani, na kwa mwendo sijaona nyingi za kuifikia kwenye mashine ile, jamaa anadaka ukuta, anakata na upanga hewani, halafu kati ya levo unaletewa hadithi kwa picha. Ila kuna vitu viwili nitavikatia maksi mpaka nazeeka. Adui uliyemuua, ukirudi nyuma kidogo pale ukingoni mwa skrini anazaliwa upya, na ndege akikugonga ukiwa hewani unasukumwa nyuma moja kwa moja shimoni. Cha pili kibaya zaidi, sura ya 6 ukishindwa na bosi wa mwisho unarudishwa mwanzo wa sura nzima, 6-1. Hapo umeuawa na gemu, sio na mkono wako, na una haki ya kulalamika kwenye daftari. Mimi bado naipa 8, wewe ukiipa 6 sitabisha, nachotaka nione sababu.

Usichanganye lakini ugeni na ubovu. Castlevania ya 1986, ukisharuka umeruka, huwezi kujigeuza hewani kama Contra, na wengi wanaichukia siku ya kwanza. Ila levo zote zimepimwa kwa mruko huohuo, ukizoea kuamua kabla ya kuruka utaona kila ngazi na kila mshumaa umewekwa kwa akili. Ipe siku tatu nne kabla hujashika kalamu.

Na cheza mpaka mwisho. Battletoads ya Rare, 1991, watu wengi wanaishia levo ya 3, ile ya vyombo vya kupaa na kuta zinazokuja mbio, wanaandika hapohapo. Waliofika levo ya 11 wakiwa wawili kwenye ile ya Nintendo ndio wanajua kwamba mchezaji wa pili pedi yake haifanyi kazi kabisa, ni kosa la waliotengeneza. Kitu kikubwa kama hicho ukikikosa umemdanganya msomaji bila kukusudia.

Habari mwandishi, mimi ni mama wa Uyole. Mwanangu kachukua mashine ya zamani ya mjomba wake, ile ya kaseti, tumeichomeka kwenye TV yetu mpya ya flati. Analalamika eti akibonyeza kuruka mtu anachelewa, anaangukia shimoni kila mara, analia. Mimi naona anatafuta sababu. Ni kweli au uvivu?

Mama shikamoo. Mtoto anasema kweli, tena amekuwa makini kuligundua. Zile mashine zinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde (50 kwa zile za soko la Ulaya), na TV ya chogo inaichora picha inavyoingia, papo kwa papo. Flati inaipokea kwanza, inaikuza, inaisafisha, ndio inaionyesha. Ikichelewesha sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, hizo ni picha 6, na kwenye gemu ambayo ukingo wa shimo ni hatua moja, picha 6 ndio kufa kwenyewe.

Ingia kwenye mipangilio ya picha ya hiyo TV utafute sehemu imeandikwa "Game", iwashe, itapunguza kuchelewa, kwa TV nyingine sana kwa nyingine kidogo. Ukiweza, tafuta TV ya chogo kwa mafundi, siku hizi wanaziuza bei ya kutupa kwa sababu zinawajazia nafasi. Chomekeni zile waya za njano, nyeupe na nyekundu, kama mashine ina mbili tu hamna shida, kisha mwambie acheze shimo lilelile kwa TV zote mbili, hapo mtaona wote. Ila nakuomba mama, asiifungue TV ya chogo kwa nyuma kwa namna yoyote, mle ndani umeme mkali unabaki hata ukiwa umechomoa ukutani. Ikiharibika ni kazi ya fundi.

Na kama muziki wa gemu unaburuta kuliko anavyoukumbuka mjomba, angalia isije ikawa kaseti na mashine za Ulaya. Zile za picha 50, gemu isiporekebishwa inakwenda taratibu karibu sehemu moja ya sita. Hilo nalo linaingia kwenye maksi, mtu akikuambia gemu imelala muulize kwanza alicheza ya wapi.

Kwenye gemu ya Mega Man 2 maadui wakijaa wanapepesa, wengine wanapotea kabisa. Kaseti yangu feki? Tukuyu.

Hapana. Nintendo ile ina uwezo wa kuchora vipande 8 tu vya picha kwenye mstari mmoja wa skrini, vikizidi inabidi vipeane zamu ndio unaona vinapepesa. Hata kaseti orijino inafanya hivyo.

Sisi wa Njombe kaseti haziwaki, tunapuliza weee ndio inashika. Kuna dawa?

Acheni kupuliza jamani. Kinachosaidia hapo ni ile kuchomoa na kuchomeka upya, pumzi yenu inaacha unyevu kwenye yale meno ya shaba na baada ya muda yanaota kutu ya kijani. Chukua pamba ya masikioni, ichovye spiriti isiyo na rangi, sugua meno ya kaseti mpaka pamba itoke safi, acha ikauke vizuri, chomeka. Na kwa Njombe yenu nawaongezea hili, mashine ikitoka kwenye chumba cha baridi kali ukaipeleka sebuleni kwenye jiko la mkaa inatoa jasho ndani kama kioo cha dirisha. Iache saa nzima ipate joto la chumba ndio uwashe.

Kama tatizo ni gemu kusahau pale ulipohifadhi, hiyo ni betri ya ndani ya kaseti imekufa, mara nyingi ni ile bapa CR2032. Imeunganishwa kwa risasi ya kuchomelea, mpeleke fundi redio, na mjue ulichohifadhi kitafutika akiitoa.

Kaka, kodi ya maisha 30 kwenye Contra, ile ya kubonyeza vitufe kwa mpangilio wa siri, ni wizi? Hapa Ipogolo tumegawanyika.

Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, kisha Start. Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, alikuwa anatengeneza Gradius ya Nintendo iliyotoka 1986, gemu ikamshinda mwenyewe wakati wa kuijaribu, akajiwekea njia ya kupata silaha zote, na ikabaki humo mpaka gemu ikauzwa, baadaye ndio ikaingia Contra. Alifariki 2020. Sasa kama mtengenezaji mwenyewe aliihitaji, mimi nani nikuite mwizi?

Kwa kujifunza itumie, maisha 30 yatakufikisha levo ya theluji na kule kwa madubwana ambako kwa maisha 3 ungechukua miezi kupaona. Ila ukitaka kuichambua, zima, uwashe upya, uanze na 3 zako, kwa sababu ukiwa na 30 unapita kwenye risasi kwa kufa tu na hujui tena nini kimekuua. Na kwenye daftari juu kabisa pembeni ya jina la gemu andika: maisha mangapi, TV gani, na nani alishika pedi ya pili.