Barua kwa mwanangu: usimwonee yule wa zamani

Hombolo

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Sisi huku hatujambo. Baba yako yuko shambani anapogoa zabibu, na bibi yako mafua yamemwachia, ameanza tena kugombana na kuku wa jirani.

Umeniuliza jambo fupi. Mwalimu wenu amewapa insha ya kulinganisha na kulinganua, kuhusu ulivyokuwa kabla ya chuo na ulivyo sasa. Unataka kujua uipangeje: umalize kwanza habari zote za zamani ndipo uje za leo, au uende hoja kwa hoja, kila aya ikiwabeba wote wawili. Rasimu uliyonitumia nimeisoma mara mbili. Nitakujibu, ila kwanza kuna mtu nataka kumtetea.

Ni yule wa zamani. Umemwonea. Aya nzima ni mwoga, ni mshamba, hajui kujieleza, hajagusa kompyuta. Kisha anaingia wa leo, anajiamini, ana marafiki wa kila mkoa, anajua anachokitaka. Nimesahihisha insha za darasa la saba mpaka nikastaafu, na mbinu hii naijua: mmoja anapakwa matope ili mwenzake ang'ae. Halafu tazama vipimo vyako. Wa zamani umempima kwa kompyuta, wa leo umempima kwa marafiki. Hapo hujalinganisha kitu. Kipimo kimoja kwa wote wawili! Nilikuwa nalisema hili mpaka mkawa mnaniigiza wakati wa chakula, na leo nalisema tena.

Chukua mji wetu. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, kila mtu ana hadithi yake ya Dodoma ya jana na ya leo. Jana vumbi na mibuyu, leo maghorofa na treni ya umeme. Lakini vumbi halipingani na ghorofa, vumbi linapingana na lami. Anayetaka kulinganisha aulize barabara kwa barabara. Aulize maji: mjini yalitoka wapi, na leo yanatoka wapi? Atakuta visima vya Mzakwe vilikuwa vinawanywesha watu kabla ya maghorofa hayo, na bado vinawanywesha. Aulize na uamuzi wenyewe wa makao makuu, ataambiwa ulipitishwa 1973, mimi nikiwa mtoto. Kumbe hiyo Dodoma ya jana nayo ilikuwa makao makuu, japo kwenye karatasi. Anayeuliza hivyo atapata insha. Anayeanza na vumbi atapata hotuba.

Na nikishataja hotuba unajua ninakoelekea. Mahafali yako ya kidato cha nne. Ulisimama bila karatasi, sauti haikutetemeka, wakati mimi moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni. Ukasema, "Nilipofika shule hii nilikuwa sijui hata kusalimia watu." Ukumbi ukacheka, makofi yakapigwa. Bibi yako naye akapiga makofi, na mfuko wake wa karanga mapajani. Yeye aliyekufundisha kupiga goti na kusema mbukwenyi kwa kila mzee kabla hujaota meno ya pili. Tukirudi hakusema neno mpaka tukaipita Ihumwa. Ndipo akaniuliza, kwa Kigogo, kama huko shuleni salamu ni nyingine. Nikamjibu ndiyo, mama, ni nyingine.

Sikukasirika. Hapana, nilikasirika sana. Lakini hotuba yako ilikuwa nzuri kuliko zote za siku ile, na hilo ndilo linaloniudhi: ingekuwa mbovu ningekuwa nimeisahau.

Sasa irudie sentensi ile kama mwandishi. Ungesema kwamba ulifika ukiwasalimia wakubwa kwa goti na macho chini, na unaondoka ukiwasalimia umesimama, ukiwatazama usoni, ungekuwa na kigezo kimoja, salamu. Tofauti ingeonekana pale pale. Na kufanana pia, kwa sababu heshima ni ile ile iliyobadilisha mkao tu. Wala ukumbi usingeacha kupiga makofi. Katika rasimu yako nzima, mwanangu, hakuna mahali hata pamoja ulipobaki vile vile. Nani atakuamini? Mtu aliyebadilika kila kitu si mtu mmoja tena, ni wawili, na wawili hao hawana sababu ya kuwekwa kwenye insha moja.

Basi chukua karatasi, chora jedwali. Vigezo pembeni, zamani safu moja, leo safu ya pili. Unavyosema na wakubwa. Unavyotumia fedha (hapa uwe mkweli, mimi ndiye ninayetuma). Unachofanya ukipata alama mbaya. Unavyokaa ukiwa peke yako. Kigezo kitakachojaa upande mmoja tu, kikate bila huruma. Vikibaki vitatu vinatosha. Ukishavitazama, hoja kuu itajitokeza yenyewe. Usiiandike kabla, utaanza kuwalazimisha hao wawili wakutolee ushahidi unaoutaka.

Kuhusu mpangilio, ningekuwa mimi ningekwenda hoja kwa hoja. Unabanwa. Ukishataja fedha za zamani lazima utaje za leo, huna pa kujificha. Ubaya wake ni zile "zamani mimi, sasa mimi, zamani mimi" zinazomchosha msomaji; ziachanishe, sentensi nyingine ianze na jambo lenyewe. Lakini ngoja. Badiliko lako lina usiku wake, ule uliopiga simu ukisema unafunga virago unarudi nyumbani, na asubuhi yake ukaenda darasani. Kisa cha namna hiyo ukikigawa vipande vitatu kinakufa. Basi labda mafungu mawili, na usiku ule katikati. Ila mafungu mawili ndiyo yaliyokufanya umwonee mwenzio... Aya hii nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Chagua wewe. Jedwali lakini lije kwanza.

Mwisho wa ujumbe wako uliuliza, "Mama, kwani kweli nimebadilika?" Hilo silijibu. Ulimi unaniwasha, na jibu ninalo tangu Krismasi, uliponyanyuka ukaosha vyombo bila kuambiwa, dada zako wakatazamana. Lakini nakujua: nikisema ndiyo au hapana utaninukuu kwenye aya ya mwisho na kuweka kalamu chini.

Rasimu ya pili nitumie kabla hujaikabidhi. Piga picha kurasa zikiwa mezani, si mapajani; ule wa tatu ulikatika pembeni nikawa nabuni maneno. Nauli ya likizo baba yako ataituma akishalipwa za zabibu.

Ni mimi,
Mama yako