Kielezo cha fotoni 0.6: kasoro ni ya galaksi au ni yangu?

Swali: Nimepakua data ya Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, kamera yake ya ACIS, ya galaksi hai (yenye shimo jeusi linalomeza gesi katikati) yenye mhamo mwekundu, yaani kunyooka kwa mawimbi ya mwanga, wa 0.05. Ni sekunde 20,000 za kutazama, fotoni 600 hivi. Nikiilinganisha na modeli ya kanuni ya kipeo peke yake (idadi ya fotoni inashuka kadiri nishati inavyopanda), kielezo cha fotoni, yaani ukali wa mteremko huo, kinatoka 0.6, na kuna kinundu kwenye keV 6.1 (keV ni kipimo cha nishati ya fotoni). Vitabu vinasema kielezo kiwe karibu na 1.8. Nimekosea wapi?

Jibu: Hesabu yako ni sawa, modeli ndiyo haitoshi. Eksirei hizi huzaliwa kwenye korona, gesi ya joto kali iliyo jirani kabisa na shimo jeusi. Elektroni zake hupokea mwanga wa urujuanimno kutoka kwenye diski ya gesi inayolizunguka shimo na kuupandisha nishati. Kazi hiyo kwa kawaida huacha kielezo kati ya 1.7 na 2. Korona ya 0.6 mimi siiamini.

Mtuhumiwa wa kwanza ni msongamano wa fotoni. ACIS kwa kawaida husoma picha moja kila sekunde 3.2 hivi. Fotoni mbili zikitua mahali pamoja kabla picha haijasomwa, kamera huziona kama moja yenye nishati ya zote mbili, na spektra (mgawanyo wa fotoni kwa nishati) inalala, yaani kielezo kinashuka. Lakini fotoni 600 kwa sekunde 20,000 ni 0.03 kwa sekunde, yaani 0.1 kwa kila picha. Msongamano upo, ila hauna ubavu wa kushusha kielezo kiasi hicho. Mwachie huru.

Sasa rudi kwenye kinundu. Zidisha 6.1 kwa 1.05, yaani moja jumlisha mhamo, upate nishati ya asili: 6.4. Huo ni mstari wa chuma, tena chuma ambacho bado kina elektroni zake karibu zote: kimepigwa na eksirei za korona kikang'aa kwa nishati yake chenyewe. Pima nguvu ya mstari huo dhidi ya mwanga unaouzunguka. Kipimo hicho huitwa upana linganifu, na galaksi isiyozibwa hutoa keV 0.1 hivi. Ukipata keV 1 au zaidi, ujue korona yenyewe huioni. Unachokiona ni mwanga wake uliogonga ukuta wa gesi ukarudi.

Gesi ndiyo iliyokudanganya. Hufyonza fotoni za nishati ndogo kwanza, kwa hiyo upande wa kushoto wa spektra huliwa na mteremko ukaonekana umelala. Atomi za hidrojeni 10²³ kwa kila sentimita mraba zinatosha kuzuia karibu kila kitu chini ya keV 2. Zikipita 1.5 × 10²⁴, hata eksirei ngumu hutawanywa na elektroni kabla ya kutoka.

Kwa hiyo ongeza kwenye modeli kifyonzi, yaani gesi inayofyonza, kwenye mhamo wa galaksi yenyewe, mbali na kile cha Njia ya Maziwa, kisha ukifunge kielezo kwenye 1.8. Ukiviacha huru vyote viwili kwa fotoni 600, vitafichana: kimoja kikipanda kingine kinakifuata. Fotoni chache zikibaki chini ya keV 2, hiyo huenda ni sehemu ndogo ya mwanga iliyotawanyika na kuzunguka pazia; ipe kanuni yake ya kipeo isiyofyonzwa. Na kwa idadi hii, kupima kama modeli inalingana na data, tumia takwimu ya Cash, inayofaa fotoni chache; khi-mraba iache.

Mstari ukitoka mnene, Chandra haitakumalizia kesi, maana juu ya keV 8 uwezo wake unashuka haraka. Tafuta kwenye HEASARC, hifadhi ya data ya NASA, kama NuSTAR, darubini ya eksirei ngumu, imeshaitazama galaksi hiyo. Inapima keV 3 hadi 79, na mwanga uliogonga gesi ukarudi huonyesha nundu kati ya keV 20 na 30. Ila angalia tarehe. Galaksi ya NGC 1365 iliwahi kuzibwa na kufunguka ndani ya siku chache, mawingu yakipita mbele ya korona. Data mbili zilizopishana miaka usizilazimishe kifyonzi kimoja.