Saban, na ile sekunde moja

Mmeuliza nani kocha bora kuliko wote, mchezo wowote ule. Najua wengi watawaandikia Ferguson, sawa. Mimi naishi huku Birmingham, Alabama, na huku ukisema "kocha" tu watu wanajua unamsema Nick Saban, mataji saba ya taifa kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ile ya kubeba mpira mikononi, moja akiwa na chuo cha LSU kule Louisiana na sita na Chuo Kikuu cha Alabama. Nilikaa nikaanza kuandika kwamba hapana, siyo yeye, kwa sababu kocha bora lazima ajue kutosheka na yule mzee hakujua.

Tarehe 30 Novemba 2013, Alabama iko ugenini kwa Auburn, chuo kingine cha jimbo hili hili. Hiyo ndio Simba na Yanga ya huku, wenyeji mnajua, kuna ndugu siku hiyo hawakai sebule moja. Nilikuwa zamu jikoni kwenye mgahawa, tivii iko ukutani, na bosi ambaye ukigusa simu anakufokea yeye mwenyewe kaacha kila kitu anaangalia. 28 kwa 28, saa inasoma sifuri, watu wanajua hapa ni muda wa nyongeza. Saban kagoma! Kawakomalia marefa kwamba mchezaji wake Yeldon alipotoka nje ya mstari na mpira ilikuwa imebaki sekunde moja, wakarudia video, kweli bwana, wakamrudishia sekunde yake. Sasa sekunde moja unaifanyia nini? Akaagiza mpira upigwe teke upite katikati ya nguzo, ukipita ni pointi tatu, kutoka yadi 57, na mpigaji wake wa kawaida siku hiyo alishatoka kapa mara tatu kwa hiyo akaletwa dogo mwingine, Griffith. Mpira ukapelea. Chris Davis wa Auburn alikuwa amesimama kule mwisho kabisa, akaudaka, na ukipelea hivyo inaruhusiwa kukimbia nao, akaanza kukimbia, na Alabama waliokuwa uwanjani wengi ni mijitu minene ya kuzuia, watamkimbiza nani? Uwanja mzima mpaka upande wa pili. Pointi sita, Auburn 34, Alabama 28. Vitunguu vyangu viliungua na hakuna aliyeuliza.

Nikasema hiyo ni tamaa, basi. Ila kadiri ninavyoandika najikuta namtetea, maana Januari 2018, fainali na Georgia, mapumziko yuko nyuma 13 kwa 0, akamtoa Jalen Hurts, mrushaji mpira wake mkuu, ambaye tangu aanze kupangwa alikuwa amepoteza mechi mbili tu, akaingiza dogo wa mwaka wa kwanza, Tua Tagovailoa, wakashinda 26 kwa 23 muda wa nyongeza. Ni roho ile ile ya kudai sekunde. Huwezi kupata hii bila ile.

Kwa hiyo haya, andikeni Saban. Ila ni kwa kushinda tu, sio kwa kuaminika, maana Desemba 2006 akiwa kocha wa Miami Dolphins, timu ya kulipwa, alitamka wazi kwamba haendi Alabama, na wiki mbili hazijaisha vizuri alikuwa ameshatua. Halafu huyu aliyechukua nafasi yake pale Alabama, DeBoer, naomba watu wamwache kwanza afanye kazi.