Viza ya Schengen haifiki London

Mmeuliza kama viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, itawafikisha London pia katika safari ya familia. Hapana, viza ya Schengen haikuingizi London. Uingereza haimo kwenye eneo hilo, na Ireland pia haimo. Kila moja ina viza yake. (Uswisi na Norway zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya, hapo ndipo wengi huchanganya.)

Ratiba yenu ya Paris, London kisha Amsterdam ina mtego. Mkivuka kwenda London mmeshatoka Schengen, kwa hiyo Amsterdam inahesabiwa kuwa mmeingia mara ya pili. Ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo mtakwama na watoto na mabegi. Mimi ningeanza na London, halafu hizo mbili zifuatane, yaishe.

Maombi yanapelekwa kwa nchi ya Schengen mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ile mtakayoingia kwanza. Nimeshajaza fomu hizi kwa familia nzima: kila mtoto ana yake, hata mchanga, na mzazi ndiye anayesaini. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, chini ya hapo bure. Kituo cha kupokea maombi kinaweza kudai ada yake juu ya hiyo. Bima ya safari isipungue yuro 30,000.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Msingoje wiki za mwisho.