Re: Manjano yanazuia sumu ya zebaki?
Mkuu, umeuliza kama manjano yatamkinga kaka yako anayechoma dhahabu kwa zebaki huko Geita. Kwa panya wa maabara, kukumini iliyomo kwenye manjano imepunguza madhara ya zebaki na risasi (ile metali yenye sumu, "lead") kwenye ubongo. Ila panya hupewa dozi kubwa. Sisi tukila kwenye mchuzi, mwili hufyonza kidogo mno, ingawa pilipili manga husaidia. Tena Bangladesh iligundulika manjano yakipakwa rangi yenye risasi ili yang'ae, loh!

Adui hapo ni ule mvuke wa zebaki unaotoka wakati wa kuchoma. Achomee kwenye chombo kilichofungwa kinachonasa zebaki, mbali na nyumbani. Mikono ikianza kutetemeka aende hospitali akapimwe mkojo, asisubiri manjano.