Re: Uyoga wa kijani na wa njano sehemu moja

Mkuu umeuliza kama ule wa kijani na ule wa njano pembeni yake msituni ni aina mbili, hapana, ni uyoga huohuo, Gliophorus psittacinus, ukiwa mchanga unakuwa kijani na ute mwingi hadi unateleza mkononi, halafu unavyokua kijani kinapotea unabaki njano, chungwa, mara nyingine hadi pinki. Cheki juu ya shina linapokutana na kofia, kijani huwa kinabakia pale hata kwingine kikiisha, hiyo ndo alama naiamini kuliko zote. Kunjo za chini ya kofia ni nene, zimeachana, zina hali ya nta. Aisee ni mzuri mno, usiung'oe, piga picha tu.