Wasomaji Wanauliza: Kura za Wanafunzi, Bahari na Umeme

SWALI: Assalaam alaikum. Sisi ni wanafunzi wapatao arubaini, tunasoma Unguja na wengi wetu kwetu ni Pemba. Tunataka wagombea wa 2030 watueleze watafanya nini kuhusu maji ya chumvi yanayoingia mashambani na kuhusu umeme wa jua. Tumefikiria kuanza na matembezi, tuvae fulana za kijani. Mnatushauri nini?
Mwanafunzi, Tunguu

JIBU: Waalaikum salaam. Matembezi yasubiri. Na fulana zikishonwa zisiwe za kijani wala za zambarau. Hapa kwetu rangi hizo zina vyama vyake, na hakuna atakayesadiki kuwa mnazungumzia bahari.

Anzeni na daftari la mistari. Pigeni safu tano: jina, shehia, jimbo alikoandikishwa, kama ana kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na siku ya kura atakuwa wapi. Namba za vitambulisho msiandike. Kadi za watu msizikusanye, hata kwa nia ya kuzitunza. Wala msimuulize mtu atamchagua nani.

Safu ya tano ndiyo inayoangusha vikundi vingi vya vyuoni. Mtu hupiga kura pale alipoandikishwa. Wa Micheweni, Pemba, akikwama Tunguu kwa mtihani, au akakosa nauli ya boti, kura yake imekwenda. Kwa hiyo muandikieni mkuu wa chuo kabla ratiba ya mitihani haijapangwa, mkiomba nafasi ya kwenda na kurudi. Nauli kila mmoja ajiwekee mwenyewe kidogo kidogo. Akitoa mgombea, hiyo ni rushwa, hata ikiitwa msaada.

Asiye na kitambulisho cha ukaazi hawezi kuandikishwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Wadogo zenu waliozaliwa 2012 watatimiza miaka 18 mwaka huo huo wa uchaguzi, basi waanze mapema kwa sheha na kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa liwe lile lile la skuli, herufi kwa herufi. "Khamis" huku na "Hamis" kule hurudisha watu nyumbani, na uandikishaji hukaa shehia moja siku chache tu.

Sasa, mumuulize nani? Mazingira na umeme si mambo ya Muungano, yaani huamuliwa na Zanzibar yenyewe. Swali la tuta la kuzuia maji ya bahari yasiingie mashambani mkimpa mgombea ubunge wa Muungano, atajibu vizuri na halitamfunga. Mpeni anayetaka kiti cha Baraza la Wawakilishi na anayetaka urais wa Zanzibar. Diwani muulizeni taka na mitaro.

Swali lenyewe liwe na mahali, mwaka na fedha. "Mna mpango gani wa tabianchi?" humpa mtu dakika kumi za hotuba. Ulizeni hivi: "Tuta la Kisiwa Panza litaingia bajeti ya mwaka gani, na nani atalikarabati?" Au: "Unguja ilikaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa baharini ulipoharibika. Ukiharibika wa Pemba utokao Tanga, hospitali zitawashwa na nini?"

Alikeni wagombea wote kwenye mdahalo chuoni kwa barua moja, maswali yakiwa ndani, wiki mbili kabla. Siku tatu kabla, kama amethibitisha mmoja tu, ahirisheni. Mkiendelea, mdahalo umegeuka kampeni na chuo kina haki ya kuufunga. Majibu yaandikwe na yabandikwe ubaoni. Mshindi mrejeeni nayo kila mwaka kabla bajeti haijapita, kwani mwaka wa fedha huanza 1 Julai.

SWALI: Mgombea ameahidi skuli yetu sola. Tumuulize nini?
Mwalimu, Wete

JIBU: Muulize betri. Taa kumi za wati 9 zikiwaka saa tano hula wati-saa 450. Paneli ya wati 200 na betri moja ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100 (yaani wati-saa 1,200), zinatosha, mradi betri isitumiwe zaidi ya nusu. Ikikaushwa kila usiku hufa mapema. Ikitunzwa hudumu kama miaka mitatu hadi mitano. Kwa hiyo ndani ya muhula wake huyo huyo itahitajika nyingine: fedha zake ziko fungu gani? Pia aseme nani atasafisha viungo vya nyaya, maana hewa ya chumvi huvitia kutu, na taa huzimika huku paneli ikiwa nzima.